AJALI INA KINGA

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani, katika bwalo la shule)



Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya maisha baada ya shule. Humu bwaloni wamo mahakimu, madaktari, wahasibu na maprofesa, ambao wangeweza kulisema jambo hilo vizuri kuliko mimi. Mimi nilipotoka hapa nilikwenda kwenye ufundi. Nilifanya kazi viwandani kwa miaka 34, kwanza nikiwa fundi mitambo, na mwishoni nikiwa afisa usalama. Kwa hiyo nitasema ninachokijua, nacho ni mikono ya watu na namna inavyopotea kazini.

Tunao msemo wetu usemao kwamba ajali haina kinga. Nimeusikia msibani, nimeusikia wodini, nimeusikia ofisini kwa meneja. Msibani msemo huo una kazi yake. Ni neno la kumfariji mfiwa asijilaumu wala asimlaumu jirani, nami sina ugomvi nao. Lakini ukitoka msibani ukaingia karakanani huwa ni kisingizio. Mwenye kiwanda huutumia kukwepa gharama, msimamizi huutumia kukwepa lawama, na mfanyakazi mwenyewe huutumia ili apate ujasiri wa kusimama kesho mahali palepale alipoumia mwenzake. Leo naomba ruhusa yenu niupinge. Ninasema kwamba ajali ina kinga, na tena kwamba mara nyingi ajali hupiga hodi kabla ya kuingia.

Nitoe mfano mmoja. Mwaka 1986 nilikuwa fundi katika kiwanda fulani, na wenzangu walikuwa wamenichagua kuwa mjumbe wa kamati ya wafanyakazi. Siku moja nilitumwa na kamati kwenda idara nyingine kusikiliza maelezo ya ajali. Kijana wa miaka 22 alikuwa amepoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia katika gia za mashine.

Niliwauliza waliokuwapo, nikapata habari hii. Gia za mashine ile zilikuwa na kifuniko cha bati, yaani kinga, kilichofungwa kwa boliti nne. Kila mwisho wa zamu mashine ilipaswa kusafishwa. Kufungua boliti nne na kuzirudisha kulichukua robo saa, na robo saa hiyo haikuhesabiwa katika malipo. Basi kifuniko kikafunguliwa, kikaegemezwa ukutani, kikakaa huko wiki tatu. Wiki ya kwanza shati la mtu lilinaswa likachanika, watu wakacheka. Wiki ya pili kitambaa cha kufutia mafuta kilinyakuliwa kutoka mkononi mwa mtu mwingine. Akaruka nyuma, akaapa, akaendelea na kazi. Wiki ya tatu zikaenda vidole.

Fomu ya ajali ilikuwa na nafasi ya kuandika sababu. Hapo palijazwa maneno matatu: uzembe wa mfanyakazi. Kifuniko kilichoegemezwa ukutani hakikuandikwa. Robo saa isiyolipwa haikuandikwa. Shati na kitambaa havikuandikwa. Na kwa kuwa havikuandikwa, hakuna mtu aliyeagizwa kuvirekebisha. Kesho yake asubuhi mashine iliwashwa, kifuniko kikiwa palepale ukutani, na kijana mwingine akasimama mahali pa yule wa kwanza.

Kamati haikukubali. Tulikwenda ofisini, tukarudishwa, tukaenda tena. Mwisho wa yote fundi mmoja wa bati alifanya kazi ya nusu siku. Aliondoa boliti mbili akatia bawaba mbili, na mahali pa zile boliti nyingine akatia komeo. Fundi wa umeme akaongeza swichi ndogo, ili kifuniko kikifunguliwa mashine izimike yenyewe. Tangu siku hiyo kufungua kifuniko kulichukua muda wa kupiga chafya, na hakuna tena aliyekuwa na sababu ya kukiegemeza ukutani. Vijana, naomba mlitie hilo moyoni. Wafanyakazi walikuwa walewale, pamoja na haraka zao, usingizi wao na mawazo yao ya nyumbani. Kilichobadilika ni bati. Mtu atachoka, atasahau, atakuwa na mgonjwa nyumbani. Mashine iliyotengenezwa vizuri humvumilia mtu aliyesahau, na ile mbovu humtoza kidole.

Mkidhani kwamba habari hii ni ya kiwanda kimoja cha zamani, itazameni dunia. Tarehe 23 Aprili 2013, katika jengo la ghorofa nane liitwalo Rana Plaza, karibu na Dhaka, nchini Bangladesh, nyufa zilionekana kwenye kuta na nguzo. Benki na maduka ya ghorofa za chini yakafungwa. Lakini wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya ghorofa za juu waliamriwa warudi kazini asubuhi ya tarehe 24. Asubuhi hiyo jengo liliporomoka, likaua watu zaidi ya 1,100. Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Pale ufa ulionekana kwa macho, karani wa benki akapewa ruhusa ya kuuogopa, mshona nguo akanyimwa.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka, likaua watu 36. Ghorofa haianguki bila nguzo, zege au msingi kuwa na kasoro iliyotangulia.

Ndugu zangu, ajali zenye damu na kelele ndizo tunazozikumbuka. Zipo hatari nyingine zinazoua polepole, na hizo zinaua watu wengi zaidi. Mwaka 2023 Shirika la Kazi Duniani lilitoa makadirio kwamba karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kutokana na kazi zao. Kati yao wanaokufa kwa ajali ni kama 330,000. Waliobaki, ambao ni kama milioni 2.6, wanauawa na magonjwa waliyoyapata kazini. Maana yake ni kwamba kwa kila mmoja tunayemwona akianguka kutoka juu, wapo karibu wanane wanaokohoa vitandani bila mtu kuandika fomu yoyote.

Chukueni vumbi la mawe. Mchimbaji anayechoronga mwamba mkavu, na fundi anayekata mawe au zege kwa grinda, huvuta vumbi la silika. Chembe zake ni ndogo kiasi kwamba macho hayazioni, nazo hukaa ndani ya mapafu na kuyafanya magumu kama ngozi ya ngoma. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Dawa ya kuuponya haipo, na zaidi ya hapo humfungulia mgonjwa mlango wa kifua kikuu. Lakini kinga ipo, nayo ni maji. Ukichoronga kwa maji, vumbi hugeuka tope, na tope haliingii kifuani.

Katika viwanda vya pamba na katani vumbi ni la aina nyingine, na dalili yake ya kwanza ni ya ajabu kidogo. Mfanyakazi hubanwa kifua siku ya kwanza ya kurudi kazini baada ya mapumziko, kisha hupata nafuu siku zinazofuata. Wengi hudhani ni uvivu wa Jumatatu. Mwanzoni ugonjwa huo hurudi nyuma mtu akitolewa vumbini. Akiachwa humo miaka mingi, haurudi tena.

Kelele nazo ni hivyohivyo. Nchi nyingi zimeweka mpaka wa desibeli 85 kwa kazi ya saa nane. Asiye na kipimo afanye hivi: asimame na mwenzake umbali wa urefu wa mkono. Ikiwa hana budi kupaza sauti ndipo asikike, basi kelele hiyo inamla masikio. Mafundi wengi wa rika langu wanaongea kwa sauti kubwa msikitini na kanisani, nao hawajui kwamba wanapiga kelele.

Kisha yako mambo mawili ambayo nataka kila kijana aliyemo humu atoke nayo, hata akisahau mengine yote.

La kwanza ni pipa tupu. Pipa lililokuwa na petroli likiisha mafuta huonekana halina kitu, lakini ndani hubaki mvuke, na mvuke uliochanganyika na hewa hulipuka kwa cheche moja. Ndiyo maana fundi anayechomelea au kukata pipa tupu anaweza kufa kwa haraka kuliko anayebeba pipa lililojaa. Usiguse pipa kwa moto mpaka limesafishwa na kuondolewa mvuke na mtu anayejua.

La pili ni shimo. Mtu hushuka katika shimo la maji machafu, au kisima, au tangi, naye huanguka. Mwenzake anashuka kumwokoa, naye huanguka. Wa tatu hali kadhalika. Jirani husema kuna jini. Hakuna jini, ndugu zangu. Kuna hewa mbaya, au hewa safi imekosekana. Katika maji machafu hutoka gesi ya haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza. Ikiwa nyingi huua uwezo wa pua kunusa, hata mtu akadhani harufu imekwisha na hatari imepita. Kwa hiyo mwenzako akianguka shimoni usimfuate. Piga kelele, ita msaada. Mwenye haki ya kushuka ni yule aliyevaa chombo cha kupumulia na kufungwa kamba inayoshikwa na watu juu. Najua ni vigumu kumwona ndugu yako chini ukabaki juu. Lakini wake wengi wameachwa wajane na ushujaa wa namna hiyo.

Sasa nije kwenye kinga zenyewe. Watu wengi wakisikia neno usalama hufikiria kofia ngumu, glavu na buti. Vitu hivyo ni vizuri, lakini katika mpango wa usalama ndivyo vya mwisho. Kwanza, je, hatari inaweza kuondolewa kabisa? Kama kazi inaweza kufanyiwa chini, kwa nini tumpandishe mtu juu ya mirunda? Pili, je, kitu cha hatari kinaweza kubadilishwa kwa kingine kilicho na nafuu? Tatu, je, tunaweza kuweka kizuizi kati ya mtu na hatari, kama kile kifuniko chenye bawaba? Nne, upo utaratibu gani? Kwa mfano, fundi anayeingia ndani ya mashine azime swichi kuu, aifunge kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwake yeye mwenyewe, asimwachie mtu mwingine. Baada ya hayo yote ndipo tuje kwenye kofia na glavu. Mwajiri anayeanza na kuishia kwenye glavu anamwambia mfanyakazi kwamba mzigo wote wa usalama ni wake. Tena glavu pengine ni hatari yenyewe. Mbele ya msumeno wa duara au mashine ya kutobolea, glavu iliyolegea hunaswa na kuuvuta mkono.

Ndugu Mwenyekiti, wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri. La hasha. Sheria ya viwanda ilitungwa hapa kwetu tangu mwaka 1950, wakati wa ukoloni. Mahali pake ikaja Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya, yaani OSHA. Kwa upande wa walioumia, ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Namba 20 ya mwaka 2008, iliyounda Mfuko wa Fidia, ambao ulianza kupokea michango mwaka 2015. Mchango huo hutolewa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti moja katika mshahara wake. Mfuko unagharimia matibabu, unalipa fidia ya ulemavu, na mtu akifa unawalipa wategemezi wake. Tena haumhusu aliyekatwa kidole peke yake, bali pia aliyepata ugonjwa kwa ajili ya kazi yake. Nayasema haya kwa kuwa wengi wanaostahili hawajui, na asiyejua haki yake hupewa nauli ya kurudi kijijini akashukuru.

Aidha, Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema kwamba mfanyakazi anayejiondoa mahali penye hatari kubwa na ya karibu, akiwa na sababu ya kweli ya kuogopa maisha yake, alindwe asiadhibiwe. Laiti washona nguo wa Rana Plaza wangalipewa ulinzi huo asubuhi ile.

Lakini tukubali kwamba sheria hizo zimelala mbali na watu wengi. Nendeni Gerezani au Keko, pale Dar es Salaam, mkawaone vijana wanaochomelea kwa miwani ya jua, wanaokata bati wakiwa na ndala miguuni, wanaoranda mbao kwa mashine ambayo nyaya zake zimefungwa kwa mfuko wa plastiki. Hawa hawana meneja wala kamati. Wengi wao ni werevu kuliko mimi nilivyokuwa. Na kazi yao ndiyo inayotupa milango, vitanda na hata madawati ya shule. Mkaguzi hawezi kufika kwa kila mmoja. Mteja hufika. Mimi sasa nikienda kuagiza geti hutazama kwanza kama fundi ana kinga ya uso, na kama hana tunapatana bei pamoja na kinga hiyo. Kinga hiyo hainifilisi, na fundi hubaki na macho yake.

Nina maneno kwa makundi mawili.

Ninyi vijana. Baadhi yenu mtakwenda vyuo vikuu, na baadhi mtashika nyundo na spana. Asiwadanganye mtu kwamba mmoja ni mkubwa kuliko mwingine. Siku ya kwanza kazini, kabla hujagusa mashine, uliza mambo matatu: inazimwa wapi, imewahi kumuumiza nani, na kinga yake iko wapi. Watakaokucheka waache wacheke. Nimewatembelea hospitali watu wengi waliochekwa na wengi waliocheka, na kitanda ni kilekile. Na ukiona shati la mwenzako limenaswa, usicheke. Andika. Mpelekee msimamizi karatasi yenye tarehe. Ajali imepiga hodi, nawe ndiwe uliyeisikia.

Nanyi wenzangu wa zamani. Wengi wetu leo hatushiki spana, tunashika kalamu. Tunasaini manunuzi, tunapunguza bajeti, tunaamua zamu iwe ya saa nane au kumi na mbili. Pengine tunadhani kwamba tuko mbali na gia. Hatuko mbali. Ile robo saa isiyolipwa ya mwaka 1986 haikukatwa na fundi. Ilikatwa na mtu aliyekaa mezani, penye kivuli, pengine mtu mwenye elimu nzuri kama yetu. Na mwenzetu aliye hakimu au wakili, faili ikimfikia yenye maneno yale matatu, uzembe wa mfanyakazi, namwomba aulize swali moja tu: kifuniko kilikuwa wapi?

Mwisho, Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja. Katika ajenda ya leo limo pendekezo la Chama kuinunulia shule yetu mashine mbili za karakana, msumeno wa duara na mashine ya kuchomelea. Ninaliunga mkono. Lakini ninaomba liongezewe haya: msumeno uje na kinga yake, swichi ya kuzima iwe mahali mwanafunzi anapoweza kuifikia bila kuinama juu ya meno ya msumeno, ziwepo miwani na kinga za uso za kutosha darasa zima, na fedha zitengwe kwa ajili ya mwalimu wa ufundi kupata mafunzo ya usalama. Ikiwa fedha hazitoshi kwa yote, basi tununue mashine moja yenye kinga, na ya pili isubiri mwaka ujao.

Nimetoa ahadi ya mchango wangu kwa Mweka Hazina, na nimeandika juu ya bahasha kwamba ni wa kinga, si wa mashine. Nawaomba wenzangu wafanye hivyohivyo kabla hatujatoka humu kwenda kwenye chakula.